Kabla Hujenda Fildi ya Ukutubi: kwa Aliyepangiwa Unguja au Pemba

Kila orodha ya fildi, yaani mazoezi ya kazi, ikitoka kwa wanafunzi wa uzamili wa ukutubi, elimu ya kazi za maktaba, simu yangu haitulii. Dada, nichukue nini? Dada, niombe Maisara au Tunguu? Dada, Pemba kukoje? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi nayaandika mara moja. Msome mpaka chini, maana lililonigharimu mimi haliko hapa juu.

Barua ya utambulisho, nakala tatu, na moja ibaki kwako ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kitambulisho. Nauli na chakula chako mwenyewe, kwa sababu fildi hailipwi na usimtizame mtu usoni ukingojea posho. Nguo za heshima. Viatu vya kusimamia, si vya harusini. Haya mnayajua, tusonge mbele.

La barua nina kidogo la kuongeza. Iandikwe kwa cheo, isiandikwe kwa jina la mtu, hata kama mtu huyo ni mjomba wako na ndiye aliyekutafutia nafasi. Anayekwenda Pemba asidhani kukubaliwa Unguja ndiyo mwisho wa habari. Wizara zina Afisa Mdhamini wao kule, ndiye anayeziwakilisha, na barua ipite kwake kabla wewe hujapanda boti. Nimemshuhudia kijana wa watu kakaa Chake Chake siku nne anakula akiba yake, anangojea karatasi ambayo angeituma wiki moja kabla asingejua hata kama kuna shida. Na ukiwa na nia ya kuwahoji wasomaji kwa ajili ya tasnifu yako, hapo umeshatoka kwenye fildi umeingia kwenye utafiti, na utafiti una kibali chake. Usije ukasema hukuambiwa.

Jua pia unakwenda maktaba ya namna gani. Maktaba ya umma Maisara, maktaba ya chuo kikuu Tunguu na Nyaraka za Taifa Kilimani ni kazi tatu mbalimbali. Kwenye maktaba ya umma jitayarishe kwa watoto wa skuli wanaotafuta kiti na utulivu kuliko kitabu, na hiyo nayo ni huduma, usiidharau. Kwenye chuo utakutana na mwanafunzi anayetaka saa hii makala ambayo mwalimu wake kamwambia tangu mwezi uliopita. Kilimani ni jengine kabisa. Idara ile ilianzishwa 1956, na ndani yake mna hati za Kiarabu, za Kiingereza, za Kijerumani, na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenye kusoma chuoni, nakusudia kile chuo cha kwanza cha ubao na mwalimu, hapo ana mbele kuliko mwenye vyeti vitatu. Kama ulikitoroka, jikumbushe alifu na be kabla hujaripoti. Na penseli, tafadhali. Kalamu ya wino haina kazi karibu na hati za kale.

Kwenye uainishaji, kule kuvipa vitabu nambari kwa mada zake, usiende na uliyoyakariri darasani tu. Mfumo wa Dewey ulitolewa 1876 na Mmarekani, na ukitizama namna alivyogawa mafungu ya dini utamjua ni wa wapi: Biblia na Ukristo wamekaa kuanzia 220 mpaka 289, na Uislamu wote umebanwa kwenye 297. Huko kwao pengine halimsumbui mtu. Hapa kwetu rafu ya 297 inaweza kuwa ndefu kuliko chumba, na kila kitabu kinadai tarakimu za ziada baada ya nukta ili kisilale juu ya mwenzake. Qur'ani peke yake ni 297.122, na hapo hujaanza kutenganisha tafsiri na tajwidi. Uliza mapema maktaba yako inakata nambari wapi. Uliza vilevile vitabu vya Zanzibar wanaviweka 967.81 pamoja na historia nyengine, au wana kabati la peke yake lenye kufuli. Mara nyingi ni kabati, na ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mtu huyo Ijumaa ukimkosa asubuhi basi umemkosa.

Majina nayo. Hapa ndipo wanafunzi waliosomea nje ya Visiwa wanapovuruga katalogi, orodha ya vitabu, ya watu. Chukua jina kama Asha Juma Haji. Asha ni yeye, Juma ni babake, Haji ni babu yake. Hamna ukoo pale. Ukiligeuza kwa mazoea ya Kizungu ukaandika "Haji, Asha Juma", umemweka mwandishi chini ya babu yake aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, na msomaji akija kuuliza kitabu cha Bi Asha hatakiona. Kanuni za kuorodhesha zenyewe zinataka jina lifuate desturi ya kwao mwandishi. Lakini sikiliza vizuri: ukikuta maktaba imeshageuza majina elfu mbili, usianze wewe kuyanyoosha matatu kwa wiki kisha ukaondoka. Mitindo miwili ndani ya katalogi moja ni mibaya kuliko kosa moja lililoenea. Sema, andika kwenye ripoti yako, waachie wenyewe waamue.

Umeme. Kama maktaba inatumia Koha au programu nyengine ya katalogi, hifadhi kazi kila rekodi, na uwe na karatasi ya kuorodheshea kwa mkono. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Waliokuwepo Unguja tulipokaa gizani 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua maana yake. Siku hizi kuna nafuu, lakini anayeiamini soketi atajuta.

Masika chukua barakoa na brashi laini. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 65 na kukaa hapo, ukungu unaamka, na hapa kwetu kupita si kazi. Kitabu chenye ukungu usikifute kwa kitambaa cha maji kama meza ya mkahawa. Mimi nimeona ikifanywa.

Sasa nije kwenye saa.

Chuo nilichosomea kilipima fildi kwa saa, kama wanavyofanya wengi Marekani. Saa 150 chini ya msimamizi mwenye shahada ya ukutubi. Nilikaa nikapiga hesabu yangu: saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki tano, nimemaliza. Hesabu safi. Nikaripoti kwenye maktaba, jina lake silitaji, nikapokewa vizuri na msimamizi wangu, mama mmoja mtu mzima, mpole, anajua kazi yake mpaka mwisho. Daftari la fildi nilikuwa nalo. Nililiweka mkobani, siku za mwanzo nikawa naandika saa kwenye vikaratasi, nikijiambia nitayahamishia daftarini kwa mwandiko mzuri, kisha mama atie saini yote kwa pamoja siku ya mwisho. Kuna daftari la mahudhurio mlangoni. Sikulitia saini hata siku moja. Nilidhani ni la wafanyakazi.

Wiki ya tatu ukaandama mwezi. Ramadhani nilijua inakuja, siyo kwamba ilinizukia, lakini sikuwa nimeitia kwenye hesabu. Saa za kazi zikapunguzwa, siku yangu ya saa sita ikawa ya saa nne. Wiki mbili za mwanzo zilinipa saa 60, tatu za mwisho zingenipa 60 nyengine. Jumla 120. Nilikuwa nimeshapungukiwa saa 30 na wala sina habari.

Jumatatu ya wiki ya nne nikafika, kiti cha mama kina mtu mwengine. Kapata uhamisho, kapelekwa Pemba, barua ilitoka Alkhamisi na Jumamosi kashavuka. Yule mgeni alikuwa mtu wa haki. Nilipomwonesha vikaratasi vyangu alivitizama kimoja kimoja, akanirejeshea. "Mimi nimekuona leo. Kuanzia leo nitakutilia saini. Hizo nyengine mtafute aliyekuona." Saa 80 zikabaki juu ya maji.

Baada ya Idd nikapanda boti. Kusi imeshika, na mwenye kulijua mkondo wa Nungwi hahitaji kuelezwa nilifikaje Mkoani. Nikapanda gari mpaka Chake Chake, nikaambiwa bibi huyo yuko Wete, kaenda kukagua maktaba ya skuli. Nikapanda gari tena. Nikamkuta kakaa sakafuni baina ya maboksi, anahesabu vitabu vya kiada, akafurahi kuniona kama kaniona bintiye. Tukasalimiana, akaniuliza nyumbani hawajambo, akaniagizia maji. Nikatoa daftari.

Alilifungua siku ya kwanza. "Siku hii ulifanya nini?" Nikamwambia niliorodhesha. "Uliorodhesha nini?" Vitabu. "Vingapi? Vya fungu gani?" Nikanyamaza. Akafungua siku ya pili, hali ni ileile. Vikaratasi vyangu vilikuwa na saa tu, saa moja na nusu mpaka saa saba na nusu, basi.

"Mwanangu," akasema, "kwamba ulikuwa unakuja mimi najua. Lakini hapa pameandikwa nathibitisha kazi iliyofanywa. Kazi gani niithibitishe?"

Sikuwa na la kujibu. Alichofanya ni kutoa shajara yake kwenye mkoba, kidaftari kidogo cha jalada jeusi, akapekua. Kila siku aliyonipa kazi mwenyewe alikuwa kaandika: nimempa sanduku la 297, nimemfundisha kutengeneza lebo, kakosea nambari nane. Makosa yangu yote yamo. Kwa hayo akanitilia saini saa 52. Zilizobaki 28 alizikataa, na alizikataa kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi.

Nikarudi Unguja na saa 52 zake na 40 za yule mgeni. Saa 92 katika 150. Chuo hakikutaka kusikia habari ya boti. Nikarudia saa 58 kipindi kilichofuata, kwenye maktaba nyengine, na mahafali ya wenzangu niliyaona kwenye picha.

Kwa hiyo, wewe unayesoma. Daftari liandikwe siku ileile, kabla hujatoka mlangoni: saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi, idadi, fungu. "Nimesaidia maktaba" si kazi. "Nimeorodhesha vitabu 14 vya 896.392 (fasihi ya Kiswahili) kwenye Koha, viwili vimerudishwa kwa kosa la jina la mwandishi" ndiyo kazi. Saini ya msimamizi kila Ijumaa kabla watu hawajatoka kwenda kuswali, usingoje mchana. Ukishasainiwa, piga picha ukurasa kwa simu, uitume kwa mtu wa pili. Daftari la mahudhurio mlangoni tia jina lako hata wakikucheka. Na siku ya kwanza kabisa, omba barua itaje msimamizi wa pili, kwa sababu uhamisho, hija, uzazi na maradhi haviombi ruhusa kwa mwanafunzi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tizama kalenda ya mwaka wako, usitizame ya aliyekutangulia. Ikiangukia kwenye fildi yako, hesabu saa nne kwa siku na siku za Idd uzifute kabisa.

Mengine ni ya kawaida. Yule msaidizi wa maktaba mwenye cheti, aliyekaa pale miaka 20, usimfundishe kazi kwa sababu wewe una shahada mbili; anajua kila kitabu kilipo hata taa zikiwa zimezimika. Usichukue kitabu nyumbani bila kuandikisha, hata kwa usiku mmoja. Usipige picha hati za watu ukaziweka kwenye simu kama picha za harusi. Flashi yako ipitishe kwenye kinga ya virusi kabla hujaichomeka kwenye kompyuta yao. Ukiumwa, piga simu mapema. Ukiambiwa ngoja, ngoja, lakini andika kwamba uliambiwa ngoja, na nani, na saa ngapi. Na wa Pemba, nauli ya kurudia iweke mbali na pesa nyengine, boti zinaahirishwa.