Somo: Ufyonzaji, au jinsi ulichokimeza kinavyoingia mwilini

Karibuni. Ufyonzaji ni kitu kimoja kupokewa ndani ya kingine. Taulo hufyonza maji, kitambaa cheusi hufyonza mwanga na kuugeuza kuwa joto, mizizi hufyonza maji na chumvi za udongoni, zulia na mapazia hufyonza sauti, ndiyo maana chumba kitupu kina mwangwi. Leo lakini naomba tukae na ufyonzaji wa mwilini, maana kutoujua kunaua watu, hasa watoto.

Shikeni jambo moja kwanza. Njia ya chakula ni bomba lililo wazi juu na chini. Kilichomo ndani ya bomba hilo bado hakijawa chako. Kinakuwa chako pale tu kinapovuka ukuta wa utumbo.

Hatua ya 1: Kukatwakatwa
Wanga, protini na mafuta ni molekuli kubwa mno kuvuka zilivyo. Vimeng'enya, hasa vya kongosho na vya ukuta wa utumbo wenyewe, hukata wanga kuwa sukari ndogo kama glukosi, na protini kuwa asidi amino na vipande vifupi. Nyongo hutawanya mafuta ili nayo yakatwe. Maji na chumvi havina haja ya kukatwa.

Hatua ya 2: Kufika mahali pake
Kwenye mfuko wa tumbo hufyonzwa vichache, pombe ikiwa mfano mmojawapo. Kazi yenyewe iko kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wake una mikunjo. Juu ya mikunjo kuna vidole vyenye urefu usiozidi kama milimita 1. Na seli za vidole hivyo zina vinyweleo vinavyohitaji hadubini kuviona. Ukivitandaza vyote, unapata eneo la takriban mita za mraba 30.

Kila kipande kina kazi yake. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni, kwenye duodeni. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni kabisa, kwa hiyo aliyeondolewa sehemu hiyo kwa upasuaji anaweza kupungukiwa B12 hata akila vizuri, na hupewa kwa sindano.

Hatua ya 3: Kuvuka ukuta
Hapa ndipo penye somo lenyewe. Vitu vingine hupenya vyenyewe, kutoka vilipo vingi kwenda vilipo vichache. Vingine vina mlango maalumu. Glukosi ina mlango ambao haiwezi kuuvuka peke yake: lazima iongozane na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza hili mwaka 1960. Glukosi na sodiamu zikishavuka, maji huzifuata.

Sasa tazameni kipindupindu. Sumu yake huufanya utumbo umwage maji na chumvi kwa wingi, lakini mlango wa glukosi na sodiamu hauuharibu. Mgonjwa akinywa maji matupu, mengi yanapita tu. Akinywa maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo, yanaingia. Mwaka 1971, kwenye wakimbizi waliokimbilia Bangaon nchini India, dripu zilipowaishia, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na glukosi wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ni mlango huohuo unaotumika.

Hatua ya 4: Kusafirishwa
Sukari na asidi amino huingia kwenye damu na kupelekwa kwanza kwenye ini. Mafuta mengi hupita mishipa ya limfu, ambayo hubeba majimaji ya mwili yasiyo damu, na kumiminwa kwenye damu karibu na shingo. Utumbo mpana humalizia maji: kati ya lita 8 au 9 zinazopita kwa siku, pamoja na majimaji ya mwili wenyewe, hutoka kama mililita 100 hadi 200 tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mtoto anaharisha na hapendi ladha ya ORS. Naweza kumwongezea sukari?*
Hapana, tafadhali usiongeze. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, na kuharisha kunazidi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Ukikosa pakiti kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote uvisawazishe kwa kisu visiwe na kilima. Akilegea, macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali.

*Nameza vidonge vya kuongeza damu pamoja na chai ya maziwa. Kuna shida?*
Ipo, dada. Chai hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo na kuyazuia kuvuka, na kalsiamu ya maziwa hupunguza pia. Meza kwa maji, chai isubiri saa moja au mbili. Tunda lenye vitamini C husaidia chuma kuingia.

*Mkaa wanaopewa waliokunywa sumu, nao unafyonza?*
Sumu haiingii ndani ya mkaa. Inanata juu ya uso wake, ambao ni mkubwa sana kwa sababu ya vitundu vyake. Mkaa wenyewe hauvuki ukuta wa utumbo, hutoka na choo pamoja na sumu iliyonata. Unafaa zaidi ukiwahi, ndani ya saa moja hivi, na haushiki kila kitu: pombe na madini ya chuma haviwezi. Huo ni mkaa maalumu unaotolewa na watu wa afya, siyo wa jikoni.

*Kwa nini dawa nyingine za moyo huwekwa chini ya ulimi?*
Ngozi ya pale ni nyembamba na ina mishipa mingi ya damu. Nitrogliserini, mojawapo ya dawa hizo, hupenya hapo kwa dakika chache bila kupitia ini kwanza. Ikimezwa, ini huiharibu kwa kiasi kikubwa kabla haijafika kwenye moyo, kwa hiyo mgonjwa asiimeze, aiache iyeyuke.