Andika mahitaji vizuri, serikali isiuziwe kazi ya kulipua

Jamani mnaokaa idara tumizi, yaani zile zinazoomba vitu vinunuliwe, huku Arusha na Moshi, walimu wakuu, waganga wafawidhi, watu wa maji, hii ni yenu. Dawati likivunjika kila mtu anamlaumu afisa ununuzi, ila mara nyingi mambo yaliharibika siku ulipoandika "madawati 100, imara" ukapeleka hivyo hivyo. Imara kivipi?

Andika kitu kitafanya kazi gani na vipimo vyake, dawati la watoto wangapi, wa darasa la ngapi, urefu, upana, mbao gani na iwe imekauka (mbichi inapinda mapema tu), skwea paipu ya unene gani, rangi mikono mingapi, na nani analipia usafiri mpaka shuleni, maana kupandisha mzigo vijiji vya juu mlimani sio sawa na kushusha Moshi mjini. Usitaje kampuni. Kama kweli hakuna namna nyingine ya kukieleza ndio utaje, halafu uongeze "au kinacholingana nacho".

Bei ya mwaka juzi achana nayo. Zunguka kwa mafundi na maduka, cheki na bei za mikataba ya GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali. Ukikadiria chini sana wazabuni wazuri hawaji, anakuja wa kulipualipua, na ukikadiria juu hela ya wananchi imeshaondoka.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 kwahiyo wahi, mahitaji yaingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka ndani ya NeST, huo ndio mfumo wa ununuzi wa serikali wa mtandaoni tangu ule wa zamani, TANePS, uachwe 2023. Wanaosubiri mpaka Mei ndio wanaishia kukimbizana hela isirudi hazina, mwisho wanakatakata zabuni vipande vipande kukwepa ushindani na sheria imekataza kabisa. Na ile asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka inayotengewa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu itengwe humo humo, kwa vitu wanavyoviweza kweli kama sare, chakula, usafi. Hii inaniuma sana ikisahaulika.

Mzigo ukifika, kamati ya mapokezi iende na futikamba na karatasi ile ile ya vipimo. Ukipungua kataa, andika sababu, usisaini kwa kumuonea mzabuni huruma, akishalipwa kumrudisha site ni shughuli. Nakala ya karatasi baki nayo mwalimu, mwakani ukiomba tena unarekebisha pale palipokusumbua.