SOMO: Maharage ya wiki nzima kwa siku moja, jioni unaunga tu (dakika 20)

Wakuu habari za jioni. Kila wiki lazima mtu aniulize "wewe ukitoka kazini umechoka unapika nini", nikisema maharage anashtuka, eti maharage si masaa matatu jikoni. Nimelijibu hilo inboksi mpaka nimechoka, leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa.

Iko hivi, maharage yanachemshwa siku ya mapumziko, siku za kazi wewe kazi yako ni kuunga. Ukiwa na maharage yaliyoiva kwenye friji, wali ukibandikwa tu na wewe unakata kitunguu, vyote vinafika mezani pamoja. Na wengi wanaojaribu wakashindwa wanasema shida ni kuchemsha, sio kweli, kuchemsha kila mtu anaweza. Wanaharibu kwenye KUPOOZA. Hatua ya 6 naomba uisome yote hata kama zingine utaruka.

Mimi napika kilo 1 makavu, yakiiva yanazidi kilo 2, yanatoa kama sahani 15.

1. Chagua. Toa mawe, yaliyotobolewa na yaliyosinyaa.

2. Osha, loweka usiku mzima, masaa 8 mpaka 12, maji mengi maana yanavimba. Weka na chumvi kijiko kimoja cha chakula. Kama kwako kuna joto sana loweka ndani ya friji, la sivyo asubuhi unakuta povu na harufu.

3. Mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya.

4. Moto mkali. Yakishaanza kutokota acha yatokote kwa nguvu dakika 30 ndo upunguze. Hapa usifanye haraka hasa kwa maharage mekundu makubwa, yana sumu yake ya asili inaitwa lektini, punje 4 au 5 tu mbichi zinatosha kumtapisha mtu. Inakufa kwa maji yanayotokota, kwa moto wa uvuguvugu haifi.

5. Punguza moto, funika kwa kuegesha, yaive. Kujua yameiva usionje punje moja, chota tano. Kwanza yapulizie pale pale kwenye kijiko, yaliyoiva ganda linajikunja na kubanduka ukiyapuliza. Afu kila punje ibonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa, zote tano zivurugike bila kutumia meno. Moja ikigoma, rudisha.

6. KUPOOZA. Mara ya kwanza kupika mengi nilijaza sufuria kubwa kabisa, saa 2 usiku nikazima jiko, nikafunika vizuri, nikasema yapoe taratibu asubuhi nitaweka friji. Saa 12 asubuhi nafunua mfuniko naona juu kuna vipovu vidogo vinapasuka kimoja kimoja, na jiko limezimwa tangu jana. Nikazamisha mwiko katikati, bado vuguvugu. Masaa 10 na katikati bado vuguvugu! Mwiko nilipounyanyua mchuzi ukavutika kama mlenda kidogo. Harufu haikuwa mbaya kivile, nikajiambia nikiyachemsha tena yatakaa sawa, nikayachemsha, jioni tukala. Haikupita masaa matatu mtoto wangu mdogo akaanza kutapika na akatapika mpaka usiku wa manane. Sijasahau ile sauti. Ndo maana hapa naandika kwa herufi kubwa.

Ambacho sikukijua ni kwamba kuna bakteria wana mbegu ngumu ambazo kuchemsha hakuziui. Chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na 60 zile mbegu zinaamka na kuzaana, na sufuria kubwa lililofunikwa linakaa kwenye joto hilo usiku kucha. Wengine wanaacha sumu ambayo hata uchemshe vipi haitoki. Kwahiyo ule usemi wa "nimechemsha tena, wamekufa wote" uacheni, mdudu anaweza kufa na sumu yake ikabaki.

Fanya hivi: yakiiva tu chota uyasambaze kwenye vyombo vipana, kina kisizidi vidole vitatu. Huna vyombo vingi? Kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga kila baada ya dakika chache, maji ya beseni yakipata moto badilisha. Ndani ya masaa 2 tangu uzime jiko yawe yameingia friji.

USIFUNIKE yakiwa yanatoa mvuke.
USISUKUME sufuria zima la moto kwenye friji, katikati hayapoi haraka na unavipasha joto vyakula vingine.
USIYAACHE juu ya jiko "mpaka asubuhi". Hata siku moja.

7. Gawa kwa kiasi cha mlo mmoja, kila chombo na mchuzi wake, andika tarehe. Friji siku 3, ikizidi sana 4. Yaliyobaki friza, usijaze mpaka juu maana yakiganda yanatanuka. Ya kesho yahamishie friji leo usiku.

8. Jioni sasa. Kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, saumu, nyanya, subiri nyanya ziive mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni. Mwaga maharage na mchuzi wake, ponda kidogo kwa mgongo wa mwiko mchuzi uwe mzito, yatokote kabisa dakika 5 au zaidi, chumvi, epua.

Mkichoka ladha moja, siku ya pili ongeza maji, karoti na tambi iwe supu nzito. Siku ya tatu yaponde yote kwenye kikaango na kitunguu kingi, juu pasulia yai. Nyumbani kwangu hiyo ya tatu ndo inagombaniwa.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI

Chando77: Mkuu yanalowekwa masaa mangapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

MpishiWaJumamosi: Somo halifanyi kazi hili. Nimechemsha masaa matatu na nusu bado magumu kama kokoto, gesi imeisha bure. Na nyanya niliweka mapema kabisa na ndimu ili kuokoa muda.

Mwandishi: Nyanya wapi nimesema uweke kwenye kuchemsha? Ziko hatua ya 8, maharage yakiwa yameshaiva. Nyanya na ndimu zina asidi, na asidi inalibana ganda la harage lisilainike, ungechemsha mpaka kesho. Umepika somo lako mwenyewe afu lawama unaleta kwangu. Rudia bila hivyo viwili uje useme.

MpishiWaJumamosi: Sawa mkuu usikasirike, nilidhani ni kitu kimoja tu.

Mwandishi: Yamwagie maji, toa nyanya unazoweza kuzitoa, weka magadi robo kijiko cha chai, chemsha tena. Yatalainika. Usizidishe magadi, yanaleta ladha ya sabuni.

BintiZuhura: Shikamoo. Samahani naomba kuelewa hapo kwenye chumvi. Bibi yangu aliyenilea alinifundisha chumvi mwisho kabisa, ukiweka mwanzo maharage hayaivi. Sasa wewe unaweka hata kabla ya kuchemsha. Nani yuko sahihi?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri sana. Bibi hakukosea kukufundisha uangalifu, na hata mimi nililelewa hivyo hivyo. Ila ganda la harage limeshikamana kwa kitu kinaitwa pektini, na kinachoifanya pektini iwe ngumu ni madini ya kalsiamu na magnesi. Ukiloweka na chumvi, sodiamu ya chumvi inaingia taratibu inachukua nafasi ya yale madini, ganda linalegea. Matokeo yake harage linaiva laini na halipasuki ovyo. Fanya jaribio dogo, loweka kikombe kimoja na chumvi na kingine bila, chemsha sufuria mbili tofauti, mwite bibi aonje. Na hapo hapo utaelewa kwanini kuna sehemu maharage hayaivi upesi, maji yao yana kalsiamu nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ukiwa na maji ya hivyo chumvi inakusaidia zaidi.

BintiZuhura: Asante sana, kumbe ndo maana nilipohama maharage yalianza kunisumbua! Na yaliyokaa muda mrefu je?

Mwandishi: Maharage ya zamani yanakuwa magumu kweli, hasa yaliyokaa kwenye joto na unyevu. Ukiona ganda limefifia na kukunjamana, yape muda zaidi kwenye maji na muda zaidi jikoni. Usiyachanganye na mapya kwenye sufuria moja, nusu yatakuwa uji na nusu kokoto.

Baba Tatu: Natumia presha kuka, vipi hapo?

Mwandishi: Inafaa sana. Yaliyolowekwa dakika 10 mpaka 15 tangu presha ipande, kutegemea na ukubwa wa punje. Kitu kimoja kaka, maharage na maji yake visizidi NUSU ya chombo, maharage yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Zima, acha presha ishuke yenyewe ndo ufungue. Kupooza ni kule kule hatua ya 6.

Neema_K: Mimi nina lile sufuria la umeme la kupika polepole, nilikuwa naweka maharage mabichi asubuhi natoka, jioni nakuta yameiva. Mara mbili tumeharisha sikujua kwanini.

Mwandishi: Dada sina uwezo wa kusema ndo sababu ila hiyo njia iache leo hii kwa maharage mekundu. Hayo masufuria mengine hayafiki kutokota, na lektini ikipashwa joto dogo inaweza kuwa kali kuliko hata ikiwa mbichi kabisa. Chemsha kwanza jikoni dakika 30 moto mkali, mwaga maji, ndo uhamishie humo. Nimefurahi umeuliza.

Chando77: Afu mkuu nikiyaacha jikoni usiku nikafunika na kitambaa badala ya mfuniko si hewa inapita?

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 6 yote.

Chando77: Ni ndefu

Mwandishi: Ni ndefu kwa sababu mwanangu aliumwa. Isome.

Kijana wa Geto: Mimi sina friji. Hili somo halinihusu au kuna namna?

Mwandishi: Linakuhusu mdogo wangu. Usipike ya wiki, pika ya jioni moja, kikombe kimoja cha makavu kinatosha watu wawili mpaka watatu. Loweka asubuhi ukitoka, ukirudi tayari yamelegea, nusu ya muda wa jikoni umeokoa. Ukisahau kuloweka, yachemshe dakika 3, zima, funika saa 1, mwaga maji, endelea hatua ya 4. Na siku ukichelewa kabisa pika dengu nyekundu zilizokobolewa, hazihitaji kulowekwa na dakika 20 zimeshaiva. Kiporo usilaze.

Kijana wa Geto: Nimekuelewa kaka, asante. Naanza kesho.

Mama Wawili: Na wali wa kulala je? Sisi tunauacha kwenye sufuria asubuhi tunaukaanga watoto wanakula kabla ya shule.

Mwandishi: Mama hapo ndo penyewe. Wali una hatari ile ile, ni wale wale wenye mbegu ngumu na sumu isiyokufa kwa kukaanga. Ukibaki usiku sambaza kwenye sinia upoe upesi, ndani ya saa moja uingie friji, asubuhi toa ukaange mpaka utoe mvuke wote. Wali wa friji unakaangika vizuri zaidi hata, punje zinaachana.

Baba Tatu: Kwa tumbo kujaa gesi kuna dawa?

Mwandishi: Inatoka kwenye sukari fulani za harage ambazo tumbo letu haliwezi kuzimeng'enya, zinafika kwenye utumbo mpana bakteria wanazila wanatoa gesi. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza kiasi. Na kula mara kwa mara, kidogo kidogo, wengi tumbo linazoea.

Mama Wawili: Naongezea na mimi. Huwa nakaanga vitunguu kilo nzima siku hiyo hiyo ya maharage, nagandisha kwenye trei ya barafu. Jioni natupa vipande viwili kwenye sufuria, sikati kitu wala machozi sitoi.

Mwandishi: Hii sikuwa nayo! Unaweka na mafuta yake au unachuja?

Mama Wawili: Na mafuta yake, ndo yanakuwa mafuta ya kuungia. Vikishaganda hamishia kwenye mfuko ufunge, la sivyo friza nzima itanuka kitunguu.

Mwandishi: Jumapili hii nafanya. Saumu nayo inakubali?

Mama Wawili: Inakubali ila igandishe peke yake, saumu inaungua upesi kwahiyo unaitupia mwishoni kitunguu kikishayeyuka.