Namna ya kuuza mashine ya kusaga ikiwa bado inafanya kazi: hatua nilizopitia Dodoma

Mwongozo huu unamhusu zaidi mtu mwenye mashine ya kusaga na kukoboa nafaka, ingawa mwenye duka au saluni naye atakuta humu mengi yanayomgusa. Niliendesha mashine yangu kwa miaka tisa huku Nkuhungu, jijini Dodoma, na nilipoamua kuiuza nilidhani kwamba kazi iliyobaki ni kumpata dalali na kutaja bei. Mnunuzi wa kwanza alinipa bei ya vyuma vitupu. Wa mwisho, aliyekuja mwaka mmoja baadaye, alilipa karibu mara mbili ya ile kwa mashine ileile, na kilichokuwa kimeongezeka katikati ni karatasi.

Hatua ya 1: Jaza daftari la miezi 12 kabla ya kumwambia mtu kwamba unauza

Biashara ya kusaga katika mkoa wetu hufuata mvua, nayo hunyesha msimu mmoja tu, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Mavuno yakishaingia ndani, kila kaya ina mtama, uwele au mahindi yake, na foleni ya ndoo na viroba hutoka nje ya banda. Ifikapo Januari na Februari wengi wamemaliza akiba na hununua unga dukani kwa kilo, kwa hiyo mashine hushinda imelala. Mnunuzi anayeoneshwa hesabu za Julai peke yake anadanganywa, na muuzaji anayepokea mgeni Februari bila daftari la mwaka mzima atapunjwa.

Andika kila siku kilo zilizosagwa, kilo zilizokobolewa, fedha iliyoingia, pumba zilizouzwa, umeme ulionunuliwa na matengenezo. Ongeza safu moja ambayo wengi wetu tunaikwepa, yaani fedha uliyochukua kwa ajili ya nyumbani. Mimi nilikuwa nikitoa hela ya mboga na ada ya shule kwenye droo bila kuandika, na matokeo yake biashara iliyokuwa ikilisha watu sita ilionekana kwenye daftari kama inapata hasara.

Yule mnunuzi wa kwanza, mzee mtaratibu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alifunua kurasa moja moja kisha akaniuliza, «Dada, Agosti yote hii hukusaga hata debe moja?» Nilikuwa nimesaga, tena sana, ila mwezi huo nilikwenda msibani Mpwapwa, na kijana wangu wa mashineni aliandika mauzo kwenye karatasi ambayo baadaye ilipotea. Sikuwa na la kumjibu, naye hakuuliza tena.

Hatua ya 2: Thibitisha daftari kwa umeme

Mnunuzi makini haamini mwandiko wako, na ana haki. Ushahidi mzuri kuliko wote ni ujumbe wa manunuzi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa sababu unaonesha tarehe na idadi ya uniti, na hakuna anayenunua umeme wa mashine ili ajifurahishe. Mota ya HP 20 (nguvu za farasi 20), ambayo ni takribani kilowati 15, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa moja hutumia uniti zipatazo 15 au zaidi kidogo. Soma mita, saga gunia lililopimwa kwenye mizani, kisha soma mita tena. Ukishajua gunia moja linakula uniti ngapi, mtu yeyote anaweza kuchukua uniti za mwezi mzima na kukadiria magunia yaliyopita. Fanya zoezi hilo mbele ya mnunuzi, na kwa kukoboa lifanye peke yake, maana matumizi yake hayafanani na ya kusaga. Kwangu hesabu mbili zilikaribiana, na kuanzia siku hiyo mazungumzo ya bei yalibadilika sauti.

Hatua ya 3: Tenganisha bei ya vyuma na kilemba

Mwite fundi ambaye si wako aikague mota, beringi, mikanda, chekeche na nyundo za kusagia zilizomo ndani. Badilisha vilivyochakaa, lakini usipake rangi mpya, kwa sababu rangi mpya kwenye mashine ya zamani humfanya mnunuzi ajiulize kinachofichwa. Kilemba, yaani malipo ya eneo na wateja, hakina maana iwapo mwenye nyumba hajakubali kumpangisha mnunuzi, kwa hiyo zungumza naye mapema na upate jibu lake kwa maandishi.

Hatua ya 4: Maliza madeni na haki za wafanyakazi

Lipa kodi unayodaiwa TRA, michango ya NSSF, na deni lolote lililofungwa kwenye mita. Kwa mfanyakazi ambaye ajira yake itakoma, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Msagaji wangu alikuwa ametimiza miaka sita, hivyo nilimlipa siku 42. Mnunuzi alimwajiri upya wiki ileile, jambo ambalo nilikuwa nimeliombea, kwani kina mama wengi walikuwa wakija kwa sababu yake.

Hatua ya 5: Andikeni mkataba kwa wakili

Orodhesha kila kifaa pamoja na namba yake. Ikiwa malipo ni ya awamu, kama yalivyokuwa yangu, mkataba useme wazi kwamba umiliki unahama baada ya awamu ya mwisho, na ueleze kitakachotokea awamu moja ikichelewa. Mnunuzi wangu alitaka saini ya mume wangu pia, na nadhani alifanya vyema. Alitaka vilevile niahidi kutofungua mashine nyingine mtaani. Nilikubali kwa miaka mitatu na kwa eneo lililotajwa.

Hatua ya 6: Kabidhi, kisha funga majina yako

TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni ya mtu, haiuzwi, na mnunuzi ataomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Ijulishe TRA kwamba umeacha biashara, pamoja na hatima ya mashine yako ya EFD, ile ya kutolea risiti, ili usiendelee kukadiriwa kodi kwa kazi usiyoifanya. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nalo lisibaki likikutaja wewe. Nilikaa bandani wiki mbili na mmiliki mpya, nikimtambulisha kwa wafugaji wanaochukua pumba kila Ijumaa. Yeye alichukua nakala ya daftari. La asili liko kabatini kwangu, kwa sababu sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5.