Somo: Kugeuza laptopu ya zamani kuwa tableti ya mguso yenye kava la mbao

Laptopu inayofaa kazi hii ni ile iliyokufa kibodi au kuvunjika bawaba, lakini ukiiwasha inawaka na picha inaonekana safi. Kama skrini ina mistari au mashine inajizima yenyewe, tafuta nyingine. Kava la mbao haliponyi ugonjwa wa ndani.

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: haitakuwa nyembamba. Piga hesabu mwenyewe. Plaiwudi ya mgongoni milimita 4, nafasi ya hewa 5, madabodi (bodi kuu ya mashine) pamoja na feni yake kama 14, paneli ya skrini 5, kioo cha mguso 2, mdomo wa fremu ya mbele 4. Tayari uko milimita 34, na bado hujaweka sponji wala nafasi ya waya. Hii ni tableti ya kuegemeza mezani au kutundika ukutani karakana, si ya kushika kwa mkono mmoja ukiwa umelala. Ukilikubali hilo, mengine yote yanakuwa mepesi, maana hutahangaika kubana milimita ambazo feni inazihitaji ili ipumue.

Utaratibu wangu ni mmoja: umeme kwanza, mbao mwisho. Mashine nzima ifanye kazi ikiwa uchi mezani, mguso na Wi-Fi vikiwemo, ndipo uguse msumeno. Anayeanza na kisanduku huishia kukitoboatoboa hadi kinakuwa kichungi.

Hatua ya 1: Kazi za kumaliza kabla ya kufungua

Ukiwa bado na kibodi (ya USB pia inafaa), ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya mfumo kuamka. Ondoa nywila ya kuwashia kama ipo, panga mashine ianzie kwenye diski moja kwa moja, na kama kuna chaguo la kujiwasha chaja ikichomekwa, liwashe. Kibodi ya kwenye skrini huja baada ya mfumo kuamka. Kwenye BIOS haipo, na mara nyingi haipo hata pale diski iliyofungwa kwa usimbaji inapodai nywila yake. Ukisahau hapa, kila uwashapo itabidi utafute kibodi ya waya.

Mfumo upi? Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huu hazikidhi masharti ya Windows 11. Mimi naweka Linux. Ikiwa na RAM ya GB 4 au zaidi, mazingira ya GNOME (mwonekano wa skrini na madirisha yake) yanakubali vidole vizuri na kibodi yake ya skrini inajitokeza yenyewe. Chini ya hapo chagua mazingira mepesi kama XFCE na uongeze programu ya Onboard. Washa kibodi ya skrini kwenye ukurasa wa kuingilia pia.

Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Tableti huinuliwa na kugeuzwa ikiwa inafanya kazi, na diski ya kuzunguka haipendi mchezo huo. Juu ya hayo, SSD nyingi za inchi 2.5 zina unene wa milimita 7, wakati diski nyingi za zamani ni 9.5.

Hatua ya 2: Kuchagua tachi

Tachi ni kioo cha mguso kinacholazwa juu ya skrini, na zipo aina mbili utakazokutana nazo. Ya kubonyeza, yaani rezistivu, ina tabaka mbili zinazogusana ukizisukuma. Inakubali kucha, kalamu, hata kidole chenye glavu, lakini hupunguza mwangaza wa skrini, na nyingi husoma mguso mmoja tu kwa wakati mmoja. Ya kapasitivu ndiyo ile ya simu: nyororo, inasoma vidole vingi, ila bei iko juu na husumbuliwa na chaja yenye umeme mchafu. Kwa mashine ya karakana ningechukua rezistivu. Kwa kusomea na kuvinjari, kapasitivu.

Usinunue kwa inchi peke yake. Inchi 14 ya umbo la 16:9 na inchi 14.1 ya 4:3 ni vitu viwili tofauti kabisa. Pima kwa rula eneo linalotoa picha, upana na kimo kwa milimita, ulinganishe na vipimo vya eneo la mguso. Hakikisha inakuja na kidhibiti chake cha USB, si kioo kitupu chenye utepe unaoning'inia.

Hatua ya 3: Kufungua

Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Chora umbo la laptopu kwenye kipande cha katoni na uchomeke kila skrubu mahali pake. Zina urefu tofauti, na skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa madabodi.

Mashine za kabla ya mwaka 2010 hivi huweza kuwa na taa ya neli nyuma ya skrini badala ya LED. Utaitambua kwa kibao kidogo chembamba cha saketi chini ya paneli, yaani inverta. Hiyo hutoa volti mia kadhaa, na wakati wa kuwasha huweza kuvuka 1,000. Isiguswe mashine ikiwa imewashwa. Ukiifungia ndani ya mbao, ivike plastiki ya kukinga umeme.

Usiibandue madabodi kutoka kwenye sahani yake ya chini. Kata kingo za plastiki zinazozidi, lakini bakisha sahani: inashika soketi zote mahali pake na ina nguzo za skrubu zilizopimwa kiwandani. Kujitengenezea nguzo hizo juu ya mbao ni kujitafutia kazi.

Hatua ya 4: Skrini ikae upande gani?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Laptopu ikifungwa, skrini inatazama kibodi. Wewe unataka itazame nje. Njia ya kwanza ni kuilaza upande wa tumbo la mashine, kana kwamba umefungua kifuniko kikazunguka hadi chini. Kebo ya skrini inafuata mkunjo wake wa asili, na soketi ya nyuma ya paneli inabaki upande uleule. Tatizo: laptopu nyingi huvuta hewa kutoka tumboni, na sasa umeliziba kwa skrini. Utahitaji nafasi kubwa zaidi katikati, milimita 8 hivi, na njia ya hewa kutoka pembeni.

Njia ya pili ni kuilaza juu ya mahali palipokuwa na kibodi. Feni inabaki huru, ikivuta kupitia mgongo wa kava. Lakini paneli ikigeuzwa kutazama nje, soketi yake inahamia upande wa pili, ama kushoto kwenda kulia, ama juu kwenda chini, kutegemea umeigeuzaje. Kebo huenda isifike. Ukiigeuza juu-chini na kebo ikafika, usijali picha kusimama kichwa chini. Programu inaizungusha nyuzi 180.

Mimi hujaribu njia ya pili kwanza, nikitumia kipande cha katoni chenye ukubwa wa paneli. Kebo isipofika, narudi ya kwanza. Usikate kebo ya skrini ukaiunga kwa waya wa kawaida: imebeba jozi za ishara za kasi kubwa, na muungo mbovu huleta picha ya chengachenga au giza tupu. Tafuta kebo ndefu yenye soketi zilezile.

Hatua ya 5: Waya ndogondogo

Kidhibiti cha tachi kinahitaji USB. Unaweza kuchomelea waya nne nyuma ya tundu mojawapo la USB. Rangi za kawaida ni nyekundu volti 5, nyeusi hasi, nyeupe na kijani za data, ila hakikisha kwa mita kwanza. Kamera ya laptopu nayo kwa kawaida ni ya USB kwa ndani. Kama huihitaji, waya zake zitakupa njia safi zaidi, mradi upime kama inatoa volti 5 au 3.3.

Antena za Wi-Fi zilikuwa kwenye kifuniko, kuzunguka skrini. Zihamishie ukingo wa juu wa fremu, mbali na sahani za chuma. Mbao kavu inapitisha mawimbi vizuri, hapo una bahati.

Kitufe cha kuwashia mara nyingi kiko kwenye kipande kidogo chenye utepe. Kihamishe kizima kama utepe unafika, au unganisha waya mbili kwenye swichi ya kubonyeza-na-kuachia pembeni mwa fremu.

Sasa washa. Kalibrisha mguso (kidole na kursa vikutane mahali pamoja), cheza video kwa nusu saa, tazama joto la prosesa. Likikaa chini ya nyuzi 80 mashine ikiwa uchi, una akiba. Likiwa tayari 90, safisha mapezi ya feni na ubadilishe pasta ya joto kabla ya kuendelea.

Hatua ya 6: Mbao

Mgongo uwe plaiwudi, maana haitanuki wala kujikunja sana unyevu ukibadilika. Fremu ya mbele iwe mti mgumu uliokauka vizuri, kona zikatwe nyuzi 45 na kuungwa kwa gundi ya mbao. Ndani ya fremu chonga kidato kwa patasi ili paneli ikae, ukiacha milimita 1 kila upande.

Mdomo wa fremu usibane kioo. Kwenye rezistivu, mbao ikigusa ukingo kwa nguvu, mashine husoma vidole visivyokuwepo na kursa inakwenda kujibanza pembeni. Weka ukanda wa sponji laini, na paneli ishikwe na masikio yake ya chuma, si kwa kusukumwa kutoka nyuma.

Matundu ya hewa: eneo lake kwa jumla lisipungue lile la kava la zamani. La kutolea liwe juu tableti ikisimama, la kuingizia liwe chini, na kati yao weka kizuizi cha sponji ili hewa ya moto isivutwe tena ndani. Kava la zamani lilitoa joto kiasi kupitia ngozi yake. Mbao hailitoi, kwa hiyo hewa ndiyo tegemeo lako pekee.

Betri ipe chumba chake, pasiwepo skrubu inayoweza kuifikia hata siku kava likikandamizwa. Ikiwa imevimba, isiingie kabisa.

Msasa namba 120, kisha 220, halafu mafuta au vanishi. Paka kava likiwa tupu, lisubiri likauke ndipo urudishe vyombo ndani. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke. Yakifinyangwa pamoja hupata joto na huweza kuwaka yenyewe. Mgongo ufungwe kwa skrubu, si gundi. Utaufungua tena, amini usiamini.

Maswali ya wanachama

Mkuu, asante kwa somo. Nina tableti iliyokufa, tachi yake nzima. Siwezi kuitumia hiyo?

Kwa kawaida hapana. Tachi ya tableti haizungumzi USB. Ina kidhibiti kilichopangwa kwa madabodi yake, na ukubwa wake hautaendana na paneli ya laptopu. Ukitaka kujifunza elektroniki, jaribu. Ukitaka tableti, nunua yenye USB.

Nimezungusha picha nyuzi 180, sasa nikigusa juu kursa inakwenda chini.

Picha imegeuka, mguso haujageuka. Kwenye Linux inayotumia X11 (programu inayoonyesha madirisha kwenye skrini), tumia `xinput` kuweka matriki ya kuratibu ya tachi iwe `-1 0 1 0 -1 1 0 0 1`, na amri hiyo uiweke ijiendeshe kila unapoingia. Kwenye Windows, rudia ukalibrishaji kwa `tabcal`.

Shikamoo fundi. Yangu inawaka vizuri ikiwa wazi, lakini nikifunga mgongo inalala papo hapo. Joto?

Marahaba. Joto haliji kwa kasi hiyo. Je, umeushika mgongo kwa sumaku?

Ndiyo, nne, kila kona.

Basi ndizo. Laptopu nyingi zina kihisi cha sumaku kinachoiambia mashine kwamba kifuniko kimefungwa. Hamisha sumaku iliyo karibu nacho, au zima kwenye mipangilio kitendo cha kulala kifuniko kikifungwa. Mimi ningeweka skrubu tu.

Inaweza kujizungusha yenyewe kama simu?

Inahitaji kihisi cha mwendo. Laptopu nyingi za zamani hazina, ila baadhi ya ThinkPad na HP za kibiashara zilikuwa nacho kwa ajili ya kulinda diski ya kuzunguka mashine ikianguka, na Linux inakisoma kwa draiva `hdaps` au `hp_accel`. Kama huna, weka kitufe kwenye skrini kinachoendesha `xrandr`, amri ya kuzungusha picha. Mashine ya kilo 2 huigeuzi mara nyingi kiasi hicho.

Betri yangu imekufa kabisa. Nitumie chaja tu?

Unaweza, na kava litakuwa jepesi. Baadhi ya mashine hujipunguza kasi betri isipokuwepo, kwa hiyo ijaribu ikiwa mezani kabla ya kukata mbao. Na waya wa chaja ufunge kwenye nguzo ndani ya kava: ukivutwa, mvuto uishie kwenye mbao, si kwenye soketi.