Baridi ya Juni Horombo: usiku na njia

Masika yakiisha, anga huwa safi, na usiku wa anga safi ndio unaouma. Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720, tope la jioni laweza kuwa limeganda alfajiri. Ngazi za mbao za vibanda zishuke polepole, maana zinateleza kuliko mawe.

Chupa ya maji ivishe soksi ya sufu, kisha igeuze kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo hauzibi. Mfuko wa maji wenye mrija wa kunywea uache, mrija ndio huganda kwanza. Betri lala nazo.

Kutoka kibanda cha Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, anza kupanda karibu saa sita usiku, changarawe ikiwa imeshikana kwa baridi. Jua likipanda hulegea: hatua mbili mbele, moja nyuma. Glavu ya ndani usiivue, hata ukifunga kamba za viatu.