Kuchuma majani ya chai porini bila kujitilia sumu kikombeni, hatua kwa hatua

Wadau habari za muda huu. Watu wengi wananiuliza kuhusu chai za majani ya porini, kivumbasi, mchaichai, majani ya mpera na kadhalika, wanataka waanze kuchuma wenyewe badala ya kununua vile vipakiti ambavyo hujui vimekaushiwa wapi wala vimechanganywa na nini. Ni wazo zuri sana na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Niko huku Muheza, Tanga, nachuma na kukausha kwa ajili ya nyumbani na kidogo nauza, kwahiyo naandika vile ninavyofanya mwenyewe, nikiweka mkazo kwenye usalama maana hapo ndipo watu wanaporuka haraka haraka wakakimbilia kwenye kunywa.

Na kama una haraka ya kutoka chukua hili moja: usichume mmea kwa kuamini harufu peke yake. Karibu kila anayeanza ananiambia "nilifikicha nikanusa nikajua ndiyo wenyewe". Hapana ndugu yangu, kunusa ni alama moja kati ya tano, nitazieleza huko chini.

HATUA YA KWANZA: chagua mmea mmoja tu

Mmoja. Usianze na orodha ya mimea kumi uliyoiona kwenye video. Kwa mtu wa pwani au mikoa ya joto nashauri uanze na mchaichai au kivumbasi. Mchaichai wengi tumekua nao, mara nyingi unaukuta kwenye mahame ambapo zamani palikuwa na nyumba, yani ulipandwa na mtu ukabaki wenyewe. Ni nyasi ndefu inayoota kwa mashada, kingo za majani zinakata vidole (vaa glavu au shika kutoka chini kwenda juu) na ukikata shina la chini utapata harufu ya limao safi. Zipo ndugu zake za porini zenye harufu kali ya dawa ya mbu, hizo ziache.

Kivumbasi ndio nitakaotumia kama mfano mpaka mwisho, kwasababu unaota wenyewe kila mahali, pembeni ya njia, kwenye mashamba yaliyolala, na bibi zetu walikuwa wanautundika ndani kufukuza mbu.

HATUA YA PILI: tafuta mtu akuonyeshe, usiishie kuambiwa jina

Majina ya mimea yanabadilika kijiji kwa kijiji, jina lile lile huku ni mmea huu, ukivuka mto ni mmea mwingine kabisa. Kwahiyo nenda kwa mzee anayejulikana kwa mambo haya, mpe shikamoo yake, mwombe akupeleke mpaka ulipo mmea wenyewe aushike kwa mkono. Halafu ukitoka hapo tafuta mtu wa pili asiyejua mzee wa kwanza kakwambia nini, mwonyeshe, muulize huu ni nini. Wakikubaliana endelea. Zile app za simu zinazotambua mimea kwa picha zitumie kupata pa kuanzia tu, zinachanganya sana mimea yetu na ya kwingine, usinywe kitu kwasababu simu imesema.

HATUA YA TATU: alama tano, zote zikubali

Hapa nitakaa kidogo. Kwa kivumbasi nakagua hivi kila shada kabla sijakata:

Shina. Lizungushe kati ya vidole, utahisi pembe nne, halizunguki laini kama kalamu ya mviringo. Chini linakuwa gumu kama mti, mmea unafika kiunoni mpaka kichwani.

Mpangilio. Majani yanatoka mawili mawili yakiangaliana, na jozi ya juu inakatiza ile ya chini kama msalaba.

Jani lenyewe. Kingo zina meno meno madogo, ncha imechongoka, ukilipapasa ni laini, halikwaruzi.

Ua. Vimaua vidogo vyeupe vya kufifia vimejipanga kwenye kijiti kirefu kinachosimama juu ya tawi, vinakaa kwa mafungu mafungu kuzunguka kijiti. Kikikauka kile kijiti kinabaki na vikombe vya kahawia vyenye mbegu.

Harufu. Fikicha jani moja, inatoka harufu ya karafuu, kabisa kabisa karafuu, maana mafuta yaliyomo humo ni yale yale ya kwenye karafuu, eugenoli.

Sasa kwanini nasisitiza tano? Angalia lantana, ile yenye maua ya rangi mbili tatu kwenye kishada kimoja, njano na pinki au chungwa, imejaa kila uzio na kila pori siku hizi. Lantana nayo ina shina la pembe nne. Majani nayo mawili mawili yakiangaliana. Kingo nazo zina meno. Na ukifikicha inanuka kwa nguvu! Yani mtu mwenye alama nne za kusoma kitabuni anaweza kabisa kuichuma kabla haijatoa maua. Kinachoitofautisha ni jani linalokwaruza kama msasa, vimiiba vidogo kwenye shina, maua kwenye kishada cha mviringo, na harufu kali isiyo na karafuu hata kidogo. Wafugaji wanaijua, ng'ombe wakiila ini linaharibika na ngozi inachubuka juani. Hiyo siyo ya kikombeni.

Nyingine ni lile gugu la shambani lenye vimaua vya manyoya vya bluu ya zambarau, saa nyingine vyeupe, majani laini yenye vinyweleo na harufu kama ya beberu. Wataalamu wanaliita Ageratum conyzoides. Linaota katikati ya kivumbasi kabisa, na lina sumu inayokula ini taratibu, haikupi dalili siku hiyo, ndio ubaya wake. Sumu za kundi hilo zipo pia kwenye mmea uitwao marejea na mimea mingine mingi, na kuchemsha haiziondoi. Kwahiyo mtu akikwambia "mimi nimekunywa mwaka mzima sijafa" usimchukulie kama ushahidi.

Na mnanaha. Huu haufanani na kivumbasi, majani makubwa yenye kingo za kukatika katika, ua jeupe au la zambarau kama tarumbeta, tunda la miiba, unapenda kwenye mazizi na majalala. Hatari yake ni kuchanganyika. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichafuliwa na sumu ya mimea ya aina hii, mamia ya watu wakaugua na wengine wakafariki, na hakuna aliyekusudia kuula. Ndio maana sifyeki kwa panga nikakumbatia mzigo, nakata tawi moja moja, naliangalia, ndipo linaingia kapuni. Wenzetu wa Lushoto na sehemu za baridi angalieni pia yale maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia chini, yaliyopandwa kama urembo, ni sumu ile ile.

Alama moja ikikataa, acha. Hakuna cha "labda ni aina nyingine ya kivumbasi".

Na kuna imani mbili naomba tuziache: kwamba mbuzi akila na binadamu anaweza, na kwamba uonje kidogo ukiona chungu uteme. Mbuzi anakula vitu ambavyo mimi na wewe vitatulaza, na siyo kila sumu ina uchungu.

HATUA YA NNE: angalia eneo

Mmea sahihi kwenye eneo baya ni mmea mbaya. Mimi sichumi kandokando ya barabara kubwa, kwenye mitaro, karibu na dampo, chini ya nguzo au reli zinakopigwa dawa ya kuua magugu, wala pembezoni mwa mashamba ya nyanya na mboga ambako wanapiga dawa kila wiki. Muulize mwenye shamba amepiga lini na nini, na hata akisema hajapiga angalia kama magugu yamekauka kwa mstari, hapo dawa imepita. Pia omba ruhusa, pori nalo lina mwenyewe. Kwenye hifadhi za misitu kama huko Amani usichume kabisa bila kibali.

HATUA YA TANO: nenda ukiwa umejiandaa

Buti au viatu vya kufunika, suruali ndefu, mikono mirefu, kisu kidogo au mkasi, kikapu au mfuko wa kitambaa (mfuko wa nailoni unachemsha majani yanakuwa meusi kabla hujafika nyumbani). Piga piga majani kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono, kifutu analala tu pale chini wala hakimbii. Ukirudi jikague kupe.

Na upupu! Wa pwani mnaujua. Kipindi cha kiangazi maganda yake yanakauka, yana manyoya ya rangi ya dhahabu ya kahawia, upepo ukipita unayabeba. Nikiona ule mtambao juu ya kichaka sichumi chini yake hata kama kivumbasi kimenona vipi, manyoya yanakuwa yameshaangukia majani. Ukikupata usikune wala kusugua kwa kitambaa, unayazamisha. Bandika selotepu ubandue, rudia rudia, halafu osha kwa maji mengi.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, chagua majani mazima yasiyo na madoa ya ukungu, na usimalize shina, theluthi moja ya mmea inatosha sana, mingine iache ichanue itoe mbegu.

HATUA YA SITA: nyumbani, chambua tena

Mwaga yote kwenye ungo au mkeka mweupe, pitia tawi kwa tawi kwenye mwanga. Hii kazi inachosha lakini hapa ndipo unapokamata lile jani moja la kigeni. Kisha suuza kwa maji safi mara mbili tatu, kung'uta.

Kukausha: kivulini penye upepo, tandaza wembamba, geuza asubuhi na jioni. Juani yanapoteza harufu. Usitandaze kwenye lami wala chini kwenye udongo ambapo kuku wanapita. Kwetu huku pwani hewa ina unyevu, kwahiyo usihesabu siku, hesabu jani: likunje, likivunjika kwa mlio limekauka, likipinda bado. Ukiyaweka kwenye chupa yakiwa yanapinda yataota ukungu, na ukungu ukishaingia tupa yote, usichague yaliyo mazima. Chupa ya kioo yenye kifuniko, iandike jina, mahali na tarehe, weka gizani. Mimi yakifika miezi sita nayabadilisha.

HATUA YA SABA: kikombe cha kwanza

Nusu kikombe tu, mmea mmoja tu, mtu mzima mwenye afya tu. Usichanganye na tangawizi, mdalasini na mengine siku ya kwanza, maana ukiwashwa hutajua ni nini. Kisha subiri mpaka kesho. Kama hakuna kuwashwa mdomo, vipele, tumbo wala kichwa, endelea.

Kivumbasi: majani mabichi kijiko kikubwa kimoja yakiwa yamekatwa, au makavu kijiko cha chai, mimina maji yaliyochemka, funika dakika tano mpaka saba, chuja. Usipofunika harufu yote inaondoka na mvuke. Mchaichai ndio wa kuchemsha kabisa, dakika kumi hivi. Majani machanga ya mpera nayo yanachemka vizuri, wengi wanayanywa tumbo likiharisha, sawa, lakini mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zahanati, chai siyo mbadala. Kikombe kimoja au viwili kwa siku vinatosha, na usinywe mmea huo huo kila siku miezi na miezi, badilisha.

Majani ya mkaratusi nasema wazi, hayo ni ya kujifukiza, siyo ya kunywa, na wakati wa kuchuma usije ukayachanganya na oleanda ile ya uzio, yana umbo la kufanana ila oleanda haina ile harufu na inasimamisha moyo.

NANI ASINYWE

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo, mwenye shida ya ini au figo, wote hawa wasinywe chai ya porini bila kuongea na daktari. Mwenye dawa za presha awe makini na rozela maana nayo inashusha presha, anayetumia dawa za sukari awe makini na mlonge, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kila kitu anachokunywa. Mizizi na magome ya mlonge msiguse, majani tu. Na pakanga, yani artemisia, kuinywa kama chai ili kutibu malaria ni hatari: Shirika la Afya Duniani lilirudia mwaka 2019 kwamba halikubali mmea huo utumike hivyo, kwasababu kiasi cha dawa kwenye majani hakitabiriki. Homa ikija kapime.

KIKITOKEA KITU

Mdomo kukauka, mboni za macho kupanuka, kuweweseka, moyo kwenda mbio au kudunda ovyo, kutapika kusikoisha, macho kuwa ya njano: nenda hospitali hapo hapo, usisubiri kuona kama itapoa. Usimtapishe mgonjwa kwa nguvu, usimpe mafuta wala maziwa ukidhani yanaua sumu. Chukua majani yaliyobaki, na yale yaliyo kwenye sufuria, na kama unaweza tawi zima la ule mmea likiwa na ua au tunda, weka kwenye mfuko uende nayo, umwambie daktari amekunywa saa ngapi na kiasi gani.